Miguu ya Orrin Tesch

Mtu akija kukuambia kwamba amemwona Orrin Tesch amekaa, usimbishie upesi. Muulize kwanza: alikuwa amekaa wapi, na nani alikuwa amemshika? Maana sisi wa Ostrander, hapa Kansas, tumeishi na Orrin miaka hamsini na saba, na kila tukimkumbuka tunamkumbuka akiwa wima. Kanisani husimama nyuma, akikagua bawaba za mlango. Chakula hula akizunguka meza. Mkewe, Verna, husema hata usingizini mguu mmoja hubaki nje ya shuka, tayari kwa safari.

Kazi yake ni ufundi kwenye ghala letu la nafaka, ule mnara mweupe unaouona kabla hujauona mji. Ngazi ni mia mbili na kumi. Kuna mikanda ya kupandishia ngano, kuna mota zinazokula vumbi na kukohoa. Kila saa kuna kitu kinachomwita fundi, na siku ambayo hakiiti, Orrin hupanda juu kwenda kukitafuta. Verna naye ni mpishi wa shule ya msingi, huu mwaka wa ishirini na sita. Amezoea kuwaambia watoto mia na themanini wakae, na wakakaa. Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda, na huyo ndiye aliyemwoa.

Gari lao walilijenga wenyewe nyuma ya nyumba. Lilikuwa la mke wa mchungaji wetu wa zamani, gari la familia la mwaka sitini na tisa, refu, lenye mbao za bandia ubavuni, lililobeba vyungu vya chakula kwenye kila msiba wa wilaya hii. Yule mama alipoacha kuendesha, Orrin alilinunua, akatoa injini yake ya adabu, akatia ya silinda nane aliyoing'oa kwenye lori la ng'ombe. Akalifumua na kulisuka upya: ekseli, gia boksi, breki, kila kitu. Nje akaliacha kama lilivyokuwa, hadi kibandiko cha shule ya Jumapili kwenye kioo cha nyuma. Tunaliita Mke wa Mchungaji. Lina namba za barabarani, lina bima, lina honi, na Verna huenda nalo kununua unga. Lakini lifikishe kwenye mstari, taa iwe kijani, uliachie: robo maili linaimaliza kwa sekunde kumi na moja kasoro kidogo, huku vioo vyake vikigongana kama meno ya mtu mwenye homa.

Gari kama hilo lina mahali pake pa kupimwa, na hapo ni kwenye mashindano yaitwayo Wiki. Siku tano, viwanja vitano vya mbio, majimbo matatu, maili elfu moja na ushei. Asubuhi unakimbia robo maili yako, unapewa karatasi yenye sekunde zako, unaikabidhi mezani kwa mkono wako mwenyewe. Kisha gari lile lile likufikishe kwenye kiwanja cha kesho kwa barabara za watu wote, nyuma ya matrekta na mabasi ya shule. Hakuna gari la kukufuata na vifaa. Tairi pana za mbio, jeki, spana, petroli ya akiba, vyote viko kwenye trela ndogo unayoikokota mwenyewe. Gari likipandishwa mgongoni mwa lori, hata kwa hatua tatu, umetoka. Na likikufia njiani, anayeruhusiwa kukusaidia ni mshindani mwenzako peke yake.

Sasa mpe Orrin ruhusa ya namna hiyo uone.

Miaka sita walikwenda, na miaka sita hawakumaliza. Kila wakirudi, Jumatatu asubuhi, sisi tuliokusanyika kwenye birika la kahawa pale ofisini kwa ghala tulimuuliza swali moja: "Umefika wapi?" Akajibu, "Siku ya pili." Au, "Siku ya nne, karibu na mpaka wa Nebraska." Tukacheka, akacheka, akaondoka kwenda kukaza nati fulani. Verna hakucheka. Verna alikuwa na hesabu yake.

"Gari limekuangusha mara mbili," alimwambia. "Miguu yako imekuangusha mara nne."

Na ni kweli. Mwaka mmoja alimchomelea mtu wa Iowa shingo ya trela, akafika kiwanjani geti limefungwa. Mwaka mwingine alilala chini ya gari la ndugu wawili kutoka Texas mpaka wakapona wao, yeye muda ukamwishia. Hao Wateksasi walimaliza Wiki, wakamtumia kadi ya Krismasi.

Kwenye Wiki, abiria ndiye mwandishi. Kuna kitabu cha njia: kila kituo kilichoonyeshwa, iwe kanisa, iwe mnara wa maji, abiria anapiga picha ya gari, anaandika saa. Verna alikuwa na vitabu sita juu ya friji, na vyote vilikuwa vitupu kurasa za mwisho. Alikuwa kama mtu aliyeazimwa hadithi sita, zote zimeng'olewa mwisho.

Kiangazi hiki daktari akamwambia Verna nyonga yake ya kushoto imekwisha, Oktoba watamtia ya chuma. Wiki ni Septemba. Verna akarudi nyumbani, akamkuta Orrin jikoni anatengeneza jokofu lisilo na tatizo.

"Mwaka huu ndio wangu wa mwisho kwenye kile kiti," akasema. "Nikishatiwa chuma, sikikalii tena. Nataka kitabu kimoja kijae."

"Kitajaa."

"Ulisema hivyo mwaka juzi, mkono wako ukiwa ndani ya injini ya mtu."

"Alikuwa amekwama, Verna."

"Wote wamekwama, Orrin. Ndio mchezo wenyewe."

Basi akaapa. Hakuapa kutosaidia watu; hilo lingekuwa uongo, na Verna hakulitaka. Aliapa hivi: kila siku, mpaka karatasi ya sekunde iwe mezani, miguu yake haitasogelea gari la mtu. Karatasi kwanza. Watu baadaye, saa zikiruhusu.

Wakaondoka Jumapili, Mke wa Mchungaji akiguna, trela nyuma, sanduku la barafu kati yao limejaa ile mikate ya wazee wetu wa Kijerumani yenye nyama na kabichi ndani. Verna alibeba mto wa kukalia, na ile saa yake ya jikoni ya kuzungusha kwa mkono, ile inayolia keki ikiiva. Hiyo ilikuwa ya kumpimia Orrin. Wakisimama kujaza mafuta, anaizungusha dakika kumi. Ikilia, mwanamume yuko garini au anaachwa.

Kiwanja cha kwanza walimkuta Lamar Buckhalter, mchomeleaji wa matangi kutoka Oklahoma, mwenye pikapu nyekundu na mdomo usiofungwa. Yeye huja peke yake. Hakuna abiria aliyemvumilia zaidi ya siku moja.

"Mama Verna!" akapaza sauti. "Bado hujapata dereva mwingine?"

"Waliobaki wote wanaendesha mabovu kama lako, Lamar."

"Na wewe, kaka, mwaka huu unafikia wapi? Jumanne? Nikuwekee dau Jumanne jioni."

"Ijumaa," Orrin akasema.

"Ijumaa ya mwaka gani?"

Siku tatu za kwanza Orrin alishika kiapo kama mtu aliyeshika kaa la moto. Uwanjani alimaliza mbio, akatembea moja kwa moja hadi mezani macho yakiwa chini, kwa sababu akiyainua tu angeona boneti iliyofunguliwa. Barabarani goti lake la kushoto halikutulia. Liligonga chini ya usukani maili baada ya maili mpaka Verna akampa mbegu za alizeti za kutafuna, ili kitu kingine kipate kazi. Mashamba ya mtama yalikuwa mekundu pande zote mbili, joto likipanda kwenye lami, na yeye akitafuna na kutema maganda dirishani na kuuliza, "Saa ngapi? Tumebakiza ngapi? Unasikia kitu kinalia nyuma?" Hakuna kilichokuwa kinalia. Jumanne jioni Lamar aliwapita kwenye maegesho ya hoteli, akavua kofia bila kusema neno, na kwa Lamar hiyo ni hotuba.

Ikafika Alhamisi, kiwanja cha Pickard.

Asubuhi ile Mke wa Mchungaji alikimbia kuliko alivyopata kukimbia. Sekunde kumi nukta sita moja. Orrin akaipokea karatasi kwenye dirisha la wapima saa, akaisoma mara mbili. Wakabadilisha tairi, wakafunga trela, Verna akakaa kwenye mto wake na kukunjua kitabu, Orrin akashuka kuipeleka karatasi mezani. Kutoka garini hadi mezani hazikufika hatua sabini.

Kwenye hatua ya arobaini ilikuwepo pikapu nyekundu, na chini yake miguu miwili ya Lamar.

Hakuita. Nataka hilo lijulikane, maana Lamar mwenyewe amelisisitiza. Alikuwa anatukana kimyakimya peke yake. Kishikio cha alteneta ya kuchajia betri kilikuwa kimekatika vipande viwili, mkanda umeruka na kujisokota kwenye puli. Orrin akajiambia atasema neno moja tu, akiwa amesimama, bila kugusa.

"Hicho hakitaki kuchomelewa. Kinataka bati nene na bolti mbili."

"Bolti gani?" ikauliza miguu.

Na hapo neno moja likazaa mengine. Orrin akainama. Akapima kwa vidole, akapima kwa kamba ya kiatu. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika kwenye karatasi iliyokuwa mkononi mwake: bolti mbili za nusu inchi, urefu inchi tatu, mkanda wa inchi hamsini na mbili, bati hivi na hivi, na mchoro mdogo. "Mwombe mwenzio akupeleke dukani na hii, usinunue fupi." Lamar akatoka chini, akachomeka karatasi kwenye utepe wa kofia yake, akachukua na kalamu, akaenda kutafuta lifti.

Verna akapiga honi. Orrin akageuka, akarudi garini karibu akikimbia, akifuta mikono kwenye suruali.

"Karatasi?"

"Nimeshaitoa."

Hakusema uongo. Mkono wake ulikumbuka vizuri kutoa karatasi. Kichwa hakikuuliza mkono ulimpa nani.

Waliondoka saa saba kasoro dakika ishirini. Kituo cha kwanza kilikuwa maili hamsini mbele, kijiji kiitwacho Lunt, kwenye mnara wa maji uliochorwa bata mzinga. Verna akapiga picha kupitia dirishani, akafungua kitabu, akatazama saa: saa nane kasoro dakika kumi.

"Nipe kalamu."

Orrin akagusa mfuko wa shati. Akagusa wa pili. Akatazama mfuko wa shati kwa macho, kana kwamba vidole vimemdanganya. Halafu goti lake, lile lililogonga siku nne, likasimama. Verna anasema hicho ndicho kilichomtisha, kuona goti limesimama.

"Kalamu anayo Lamar," akasema Orrin polepole. "Na karatasi anayo Lamar."

Verna hakupiga kelele. Alichukua simu, akampigia Lamar. Ikaita mpaka ikachoka. Simu ya Lamar hulala kwenye sanduku la spana, kila mtu anajua. Akapiga mezani kwa Pickard. Mwanamke wa mezani alikuwa mpole, na upole wake haukusaidia kitu: dereva mwenyewe, karatasi mkononi, kabla ya saa kumi. Saa kumi kamili wanakunja meza.

"Naweza kukueleza," Orrin akaanza.

"Geuza gari."

"Verna, mimi…"

"Umeeleza miaka sita. Geuza gari."

Wakarudi walikotoka. Njia ilikuwa moja, kwa hiyo Lamar kama ametoka Pickard watakutana naye uso kwa uso, na kama hajatoka watamkuta. Hilo lilikuwa wazi. Walilolisahau ni tabia ya watu wa Wiki wakipishana. Saa nane na robo pikapu nyekundu ikatokea mbele kwenye mawimbi ya joto. Orrin akawasha taa na kuzima, akawasha na kuzima, akabana honi. Verna akatoa mkono wote nje na kupunga mto wake wa kukalia. Lamar akafurahi sana. Naye akawasha taa, akabana honi yake yenye sauti ya ng'ombe, akapunga kofia yenye karatasi yao, akapita kama upepo.

"Anatusalimia!" Orrin akalia. "Mpumbavu anatusalimia!"

Kugeuza gari lenye trela kwenye barabara nyembamba kunataka subira, na subira hawakuwa nayo. Akaingia kwenye njia ya shamba, akarudi nyuma, trela likajikunja, akatoka, akakanyaga mafuta. Mke wa Mchungaji alijengwa kukimbia robo maili kisha apumzike. Jua la saa nane, na trela, na maili sita za kumfukuza Lamar, ni mambo mengine. Sindano ya joto ikaanza kupanda. Orrin aliiona. Akaendelea.

Kilichowaokoa ni treni. Pale njia inapokatiza reli, treni ya nafaka ilikuwa inapita, mabehewa mia na zaidi, mwendo wa ng'ombe aendaye kunywa maji, na nyuma ya kizuizi Lamar alikuwa anasubiri akila karanga. Orrin akashuka kabla gari halijatulia.

"Umeota nini, kaka, unanifukuza?" Lamar akasema. "Umesahau kunibusu?"

"Kofia! Nipe kofia!"

Lamar akavua kofia, akachomoa karatasi, akaigeuza upande wa pili.

"Kumi nukta sita moja," akasoma. "Yesu wangu. Nimetembea na siku yako nzima kichwani." Akamtazama Verna garini. "Mama, sikugeuza. Naapa sikugeuza kutazama."

"Najua, Lamar. Una maji?"

Alikuwa na madumu mawili na mfuko wa barafu. Akayahamishia kwenye gari lao mbio mbio, akaanza kugeuza pikapu yake arudi nao. Verna akamkatalia.

"Wewe nenda zako. Ukibaki, huyu atapata kitu cha kutengeneza kwenye gari lako."

Ilikuwa saa nane na nusu, maili thelathini na sita hadi Pickard. Walikwenda kumi na mbili. Kisha sindano ikagonga mwisho, harufu tamu ya maji ya rejeta ikaingia ndani, na mvuke ukaanza kuchungulia pembeni mwa boneti. Orrin akasogea kando ya barabara, akazima injini. Saa tisa kasorobo. Maili ishirini na nne.

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango.

"Unakwenda wapi?" Verna akauliza.

"Kufungua kifuniko, nitie maji."

"Nionyeshe mkono wa kulia."

Hakuwa na haja ya kuonyesha. Kutoka kiwiko hadi kifundo kuna kovu jeupe, linalong'aa kama ganda la kitunguu. Amelivaa tangu mwaka wa tatu wa Wiki, alipofungua rejeta ikichemka kwa sababu hakuweza kungoja. Mwaka ule maji baridi yalipasua na silinda hedi, kichwa cha injini, pia. Hapo ndipo waliishia.

"Injini hii inataka nini?" Verna akauliza.

"Ipoe."

"Dakika ngapi?"

Orrin akalamba midomo. "Ishirini na tano. Ishirini…"

"Ishirini na tano." Akaizungusha saa ya jikoni, akaiweka juu ya dashibodi. "Kaa."

Ndugu zangu, mimi nimemwona Orrin Tesch juu ya mnara wa nafaka wakati wa radi, hakutetemeka. Lakini Verna anasema mle garini alitetemeka. Dirisha wazi, upepo wa moto unapita, nzi, saa inachapa tik, tik. Goti likaanza. Verna akaweka kiganja juu ya goti. Likahamia mguu mwingine.

"Ngoja nitazame tairi tu."

"Kaa."

"Trela…"

"Orrin."

Gari la kwanza la wenzao likapita, likapunguza mwendo, kijana mmoja akachungulia. "Mnahitaji mkono?" Verna akasema, "Ahsante, baba, tumekaa tu." La pili likasimama kabisa, mwenyewe alishashuka na spana mkononi, nao wakambembeleza mpaka akarudi. La tatu lilikuwa na mke na mume wa Missouri, wakawaachia tikiti maji. Orrin akawatazama wakitokomea kwenye kioo cha pembeni. Miaka saba kwenye Wiki, na hakuwahi kuwatazama watu hao kutoka upande huu wa dirisha.

"Mbona wanasimama wote," akasema.

"Wewe husimami?"

Orrin akaitazama saa. Dakika kumi na nne zilikuwa zimebaki.

"Nikikaa," akasema, akitazama mbele, "nasikia kama kuna kitu mahali fulani kinaharibika, na mimi sipo."

Verna akafikiri, kama anavyofikiri pale mtoto wa darasa la pili anapomwambia kwamba mchuzi una macho.

"Kipo," akasema. "Kila siku kipo. Kiache kiharibike dakika kumi na nne."

Wakakata tikiti kwa kisu cha kukatia zulia, wakala, maji yakichuruzika hadi viwiko. Nyonga ilikuwa inamuuma Verna. Orrin aliona anavyohama upande mmoja wa mto hadi mwingine bila kusema, na akakumbuka kwamba ameona hivyo tangu Jumatatu na hakuuliza. Hata sasa hakuuliza. Alikunja koti lake akamwekea mgongoni, bila kutoka kitini.

Kengele ikalia. Orrin akatoka kama risasi, lakini kifuniko alikishika kwa kitambaa, akakilegeza robo, akangoja, akalegeza robo tena. Akaiwasha injini, akatia maji taratibu ikinguruma, ili isishtuke kwa baridi. Saa tisa na dakika kumi na tano wakaingia barabarani kwa maili hamsini kwa saa, si zaidi, hita ya ndani imefunguliwa yote ili iisaidie rejeta, nje jua na ndani tanuru, Verna ameweka barafu ya Lamar kichwani. Basi la shule likawatangulia, likasimama kwenye kila lango. Orrin hakulipita. Alishika usukani kwa mikono miwili na kuhesabu watoto wanaoshuka: mmoja, wawili, wawili, mmoja.

Waliingia Pickard saa kumi kasoro dakika nane. Vijana walikuwa tayari wanakusanya koni. Yule mwanamke wa mezani alimwona mzee anakuja mwendo usio kukimbia wala kutembea, uso umeiva kama nyanya, amenyoosha karatasi mbele kwa mikono miwili. Akaipokea. Akaisoma upande mmoja, akaigeuza wa pili, akairudisha wa kwanza.

"Na hizi bolti mbili za nusu inchi," akauliza, "niziandike kama sekunde?"

"Hapana, mama."

"Mmebakiza maili ngapi leo?"

"Zote," Orrin akasema.

Akagonga muhuri.

Walizirudia zile maili, na zile nyingine zote, wakisimama kila sindano ilipotaka, saa ya jikoni ikilia mara tatu zaidi. Ijumaa asubuhi, kiwanja cha tano, Mke wa Mchungaji alikimbia kumi nukta tisa nne, amechoka, moja ya mbao zake za bandia imebanduka inapepea. Hakuna aliyejali. Orrin alitoka dirishani na karatasi yake, Verna akashuka garini, akashika fimbo yake ya kutembelea mkono mmoja na mkono wa Orrin mwingine, wakaipeleka mezani pamoja, polepole, kwa mwendo wake yeye. Lamar alikuwa amekaa juu ya tairi karibu na njia, boneti ya pikapu iko wazi, moshi unatoka. Alipowaona akainuka, akaifunga boneti kwa kishindo, akaikalia.

"Hakuna kitu hapa, kaka," akasema. "Pita tu."

Jumatatu tulikuwa kwenye birika la kahawa. Orrin akaingia. "Umefika wapi?" tukauliza, vicheko tayari vimeshakaa mdomoni.

"Mwisho," akasema.

Miaka sita tulikuwa na maneno ya kumjibu aliyekwama. Ya aliyefika hatukuwa nayo. Mmoja akasema, "Haya." Mwingine akamsogezea kiti. Akakitazama, akashukuru, akaenda kupanda ngazi zake.

Oktoba Verna akatiwa chuma chake. Nilikwenda kuwaona wiki ya pili, nimebeba supu. Mke wa Mchungaji alikuwa amepandishwa juu ya jeki, rejeta iko chini kwenye nyasi, mpya kando yake. Lamar ndiye aliyekuwa amemletea Orrin hiyo mpya, na nilisikia kwamba mwakani kiti cha abiria atakikalia yeye, kama ataweza kufunga mdomo mpaka mpaka wa Nebraska. Ndani, Verna alikuwa kwenye kiti kikubwa, miguu juu ya mito, kitabu cha njia mapajani. Alinionyesha ukurasa wa mwisho. Saa ya kituo cha Lunt imeandikwa mara mbili, ya kwanza kwa penseli yake ya wanja.

Kando yake, kwenye kiti cha meza, alikuwa Orrin. Goti lilikuwa linagonga, macho yako dirishani kwenye jeki, lakini alikuwa amekaa. Nikafungua mdomo nimtanie. Verna akaniinulia kidole, akaelekeza kwenye meza ndogo. Saa ya jikoni ilikuwa inachapa, imebakiza dakika kumi na moja.

"Usimsemeshe," akasema. "Atapata sababu ya kuinuka akutafutie kikombe."